Twiga wa Namba Kumi na Saba

Kwa miaka thelathini, kinyago kilichotoka karakana ya ushirika wa wachongaji mtaani Baba Dogo hakikuwa na jina la mtu. Kilikuwa na namba ya mwanachama chini ya kitako, basi. Kikiuzwa, pesa zilienda kapu moja na kila mtu akapata sawa na mwenzake. Waanzilishi waliuiga ujamaa wa Tanzania, wakaung'ang'ania hata Watanzania wenyewe walipouacha. Mtu akiugua, wenzake walimchongea chini ya namba yake, na kumtangaza ilikuwa aibu.

Ndivyo alivyoishi mzee Kimeu, namba kumi na saba, tangu mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka miaka minne iliyopita. Mwanzia, mwanafunzi wake wa zamani, ndiye aliyemchongea twiga. Na twiga wenyewe, jamani, ungedhani wanataka kukunong'oneza jambo.

Mwaka huu kamati ikafungua milango. Kila mtu ajiuzie, kila namba iwe na jina na picha kwenye simu. Asiyepata mteja kwa miezi mitatu aachie nafasi. Soko halina huruma, alisema mwenyekiti, kana kwamba analisifu. Wateja wakamtafuta mtu mmoja tu: Kimeu wa twiga. Kimeu akawaacha waamini hivyo. Tangu mkewe afariki hakuwa na pengine pa kwenda ila karakanani, ungefanyaje?

Jumanne akaja Lydiah, dada mmoja wa mtaa wa Donholm anayewauzia watu wa ng'ambo vinyago, simu mkononi.

"Mzee, chonga kiasi nikurekodi. Wanataka kukuona ukifanya mwenyewe."

Kimeu akamvuta twiga ambaye hajamalizika, akashika tezo lake la kuchongea. Likaruka, likamchana twiga shingo. Karakana nzima ikaacha kugonga. Mwanzia alikuwa ameinama pembeni, haya imemshika utadhani yeye ndiye aliyekosea. Miezi miwili hakuwa amepata mteja hata mmoja, na Kimeu alilijua hilo. Akaliweka tezo chini.

"Si mimi," akasema. "Hawa twiga wote ni wa Mwanzia. Mimi mkono uliisha kitambo."

Lydiah akageuza simu. Mwanzia hakukana. Alipangusa vumbi usoni, akaanza kuchonga, na ilikuwa raha kumtazama. Hata Kimeu alijisikia mwepesi, akadhani mambo yamekwisha vizuri.

Wiki iliyofuata, oda zikiwa zimemlemea Mwanzia, Kimeu akamwendea.

"Nipe hata msasa nikupigie hawa wawili. Kwa hiyo kazi mkono haujanishinda."

Mwanzia alipuliza vumbi kwenye kazi yake. "Mzee wangu, usinikasirikie. Kwa oda wameandika kazi ya mkono mmoja. Wakiona kwa video tuko wawili, watarudisha."

"Hata msasa?"

"Hata msasa."

Kimeu akasema sawa. Akaketi kwenye kigoda chake, mikono mapajani, akamtazama mwanafunzi wake akifanya kazi mpaka saa ya chakula, maana hakujua mtu aliyezoea kuja kazini kila siku huenda wapi asipokuja.