Kipande cha Sabuni

Miaka thelathini Fundi Jicho hakuwahi kushika rula. Alikuwa akifumba jicho moja, anaitazama pikipiki, anakutajia tairi lake, na ukilileta linaingia. Ndiyo maana wakamwita Jicho. Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, kazi aliishika bintiye, na huyo alipima kila kitu. Wateja walimwita Binti Fundi, na kila alichowaambia walimgeukia baba yake, aliyekaa kwenye benchi la karakana: "Eti mzee, ni kweli?" Hilo lilimkata maini. Miaka sita ya kazi, jamani, na bado ni binti tu!

Asubuhi hiyo akaja Kifaru, kiongozi wa madereva wa pikipiki wa pale kona, juu ya pikipiki yake, na tairi jipya la nyuma begani, nene ajabu. Kesho yake angempeleka binti yake harusini kwa pikipiki hiyo hiyo, na alitaka watu wageuke kutazama. Wenzake watatu walimfuata ili kumpigia makofi.

"Mzee keshaliona jana," akasema. "Kasema linaingia."

Binti Fundi akasoma ubavuni mwa tairi. Upana milimita mia moja na thelathini. La zamani lilikuwa mia moja kamili. Namba ya mwisho, ile ya rimu, ilikuwa kumi na saba kwa yote mawili, na bila shaka hiyo ndiyo baba yake aliyoitazama.

"Kwenye rimu litaingia," akasema. "Lakini tairi hili likizidi upana linazidi na kimo. Ukipakia mtu, litasugua madigadi, hilo bati la juu yake."

"Ebo! Unambishia baba yako?"

Binti Fundi akawaza. Akinyamaza, bibi harusi wa watu atapandishwa juu ya tairi linalosugua bati. Akiendelea, anamvunjia baba yake heshima mbele ya kadamnasi, na huyo ndiye aliyemfundisha kushika spana. Akajikaza kisabuni.

Alilifunga lile tairi nene ili wajionee wenyewe. Kisha akakata kipande cha sabuni ya kufulia, unene wa kidole, akakibandika chini ya madigadi, juu kidogo ya tairi. Njia hiyo aliibuni mwenyewe, na wale madereva hawakuacha kuicheka.

"Leo pikipiki inafuliwa!" mmoja akapiga kelele.

Kifaru akaizungusha uani peke yake. Sabuni haikuguswa hata kidogo. Kicheko kilichopigwa hapo, we acha tu.

"Kesho utakuwa peke yako?" Binti Fundi akamuuliza.

"Na binti yangu, si nimekwambia?"

"Basi bado." Akageukia benchi. "Baba, naomba upande nyuma."

Mzee akainuka, akapanda, akamshika Kifaru kiunoni. Springi zikabonyea. Hawakufika hata getini, ikasikika kwaruza, kwaruza, na chenga za sabuni zikaruka mpaka kwenye suruali ya mzee.

"Na hapa ni sakafu ya saruji," akasema Binti Fundi. "Kwenye shimo je?"

Hakuna aliyecheka. Mzee akashuka polepole, akaokota chenga moja, akaigeuza kiganjani mwake.

"Nilitazama rimu tu," akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Nimekosea. Litoe, mwanangu."

Akalitoa, akafunga la upana wa mia moja na kumi lililokuwapo karakanani, akabandika sabuni nyingine, akawapandisha tena wote wawili. Wakazunguka uani mara tatu. Sabuni ilibaki nzima, na Kifaru akaichomoa mwenyewe, akaitia mfukoni.

"Hii namwonyesha mama wa bibi harusi," akasema. "Hataamini."

Walipokuwa wakiondoka, yule aliyepiga kelele za kufua alirudi nyuma, akainama mbele ya benchi kama alivyozoea.

"Fundi, na la kwangu unalionaje? Nimeambiwa niongeze upana."

Mzee alikuwa bado anajipangusa sabuni kwenye suruali. Hakuitazama hata hiyo pikipiki.

"Mimi ni baba yake fundi," akasema. "Fundi yule pale. Nenda kamuulize, na umwamkie vizuri."

Binti Fundi akainamia rula yake haraka, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga, na kijana wa watu alikuwa tayari mbele yake.

"Habari za kazi, Fundi?"

"Nzuri," akajibu. "Lete pikipiki hapa."