Gauni la Kupandia Trekta

Maren Tollefson alikuja dukani Jumamosi ya pili ya Machi akiwa na mama yake, Gail, na picha ya gauni kwenye simu. Dansi ya shule yao ilikuwa mwishoni mwa Aprili. Kazi yangu pale dukani ni kubana, kuachia na kupinda magauni, na mwezi wa Machi foleni yangu hufika wiki tano. Ilimbidi achague siku hiyohiyo.

Gauni la kwenye picha tulikuwa nalo: satini nyekundu, limebana hadi magotini, kisha linafunguka kama mkia wa samaki. Alipotoka nalo chumba cha kubadilishia, Gail aliziba mdomo kwa mkono.

"Mungu wangu, Maren! Umependeza mpaka basi."

Ilikuwa kweli. Maren hurusha tufe na mabega yake ni mapana, lakini gauni lile lilimpa kiuno. Alijaribu kutembea. Hatua zake hazikuzidi inchi kumi.

"Unatembea kama bata," Gail alicheka. "Utazoea."

"Mama, trekta."

Huku kwetu, kabla ya dansi, vijana hupita wawiliwawili mbele ya mji mzima, na kila jozi hufika na chombo cha usafiri inachotaka. Tangu Krismasi Maren alikuwa amemwomba babu yake trekta, naye babu alikubali kwa sharti moja: Maren aendeshe mwenyewe.

"Si Tyler mwenzako ataendesha?" Gail alisema. "We kaa pembeni, upunge mkono."

"Tyler? Mtoto wa daktari wa meno? Mama, yule alitia mashine ya kukatia nyasi kwenye bwawa la jirani!"

"Ajifunze basi."

"Atatuingiza kwa watazamaji, mpaka mapajani kwa bibi!"

Nilimuuliza ngazi ya kwanza ya trekta iko juu kiasi gani.

"Inchi ishirini," alijibu papo hapo. Alikuwa ameshaipima.

Nikaleta kiti chenye kimo hicho. Aliinua goti, na kabla mguu haujafika nusu ya njia, nyuzi za pembeni zikalia. Nikamwambia aache.

"Ardis, mwenzangu, huwezi kulipasua kidogo?" Gail aliuliza.

"Naweza. Ila mpasuo wa kumfikisha kwenye kiti utatuonyesha na chupi."

"Babu atazimia," Maren alisema.

Kilichompa kiuno hakikuwa kule kubana. Ni mshono uliokaa juu kidogo ya kitovu, pamoja na shingo yenye umbo la V iliyoyagawa mabega. Tulikuwa na gauni jingine lenye vitu hivyo viwili na sketi pana, la kijani kibichi. Maren alikuwa amelipita mara mbili, kwa sababu kwenye hanga lilikuwa limelala tu.

"Hilo pazia la kanisani, Bi Ardis."

"Livae kwanza, ndipo ulitukane."

Alilivaa. Safari hii Gail hakuziba mdomo. Alimzunguka polepole, akarudi tena mbele.

"Mabega yako," alisema.

"Yamefanyaje?"

"Hayajafanya kitu. Yamekaa vizuri."

Maren alikusanya sketi kwa mkono wa kushoto na kupanda kiti kwa hatua moja. Kutoka hapo akapanda meza yangu ya kukatia, akaketi, akageuka kutazama nyuma kama anayerudisha trela kinyumenyume. Kisha akajiangalia kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza tangu aingie dukani akatabasamu kwa meno yote.

"Hili," alisema.

Gail alilitazama lile jekundu kwa muda, akalirudisha kwenye hanga na kufunga zipu yake.

"Lipunguze chini inchi mbili, Ardis. Lisije likanaswa na gurudumu."

Nilimuuliza Maren atavaa viatu gani.

"Buti."

Gail alitazama dari. Mimi nilimwambia Maren avae zile alizokuja nazo, nipate kupima upindo.