Zamu ya Mama Job

Chama chao cha akina mama kilikuwa na sheria moja isiyopinda: zamu ikikufikia, wenzako wanakuja kwako kunywa chai. Basi ikamfikia Phelister, mama Job, muuza matumbo wa Soko la Burma. Wenzake wote wanakaa Buruburu, nyumba zenye ngazi ndani. Yeye anakaa Makadara, chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia. Aibu ikamnyima usingizi, mpaka akatangaza kwa macho makavu: "Chai yangu tutainywea mlimani. Kuna kibwawa huko Nyandarua, nilikiona na watu wa kanisa."

"Ghai! Mama Job, uko sawa?" akauliza Wacera, mwenyekiti. "Haya, lakini chai isiponywewa huko, Jumapili tunakuja kwako nyumbani."

Wacera huyu ana zulia jeupe sebuleni, na kwake hakuna anayepita mlangoni na viatu. Siku ya zamu ya Wacera, Phelister alipovua vyake, soksi ilikuwa na tundu. Wacera aliliona, akatazama pembeni. Heri angecheka!

Siku ya safari ilipofika, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima huko mlimani, na njia imekuwa uji. Ukitia mguu, matope yanaung'ang'ania kama askari wa kanjo aliyekukamata sokoni na mzigo. Phelister alitangulia, chupa za chai mgongoni, kapu la chapati mkononi, akiomba kimoyomoyo asitokee wa kusema turudi.

Akatokea. Kiatu cha Wacera kilizama, mguu ukatoka peke yake, naye akaketi papo hapo kwenye tope. "Mimi nimefika. Turudi."

Phelister aliona pazia lake, aliona kitanda chake, aliona wanawake wanane wakikosa pa kukaa. Akapiga magoti, akazamisha mkono hadi kiwiko kama anayetafuta matumbo kwenye pipa, akakivuta kile kiatu kikatoka na mlio wa aibu. Alipomshika Wacera mguu amvishe, kidole gumba kilikuwa kinachungulia nje ya soksi.

Wakatazamana. Wacera ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na Phelister akamfuata. "Woiye, nivishe twende," akasema Wacera.

Kibwawa kilikuwa kimetulia kati ya nyasi ndefu, maji baridi ya kukata meno. Phelister akatandika leso, akapanga vikombe, moyo umemjaa furaha. "Karibuni kwangu."

Wacera alisimama kwenye pindo la leso, matope hadi magotini. "Nivue viatu?"

"Vua!" wakaitikia wote, wakaangua kicheko.

Chai ilikuwa bado moto. Wacera akamsogelea. "Mama Job, na kwako hasa ni wapi?"

Phelister hakujua jibu lilitoka wapi jepesi hivyo. "Makadara. Chumba kimoja. Viti ni viwili."

"Basi zamu yako ijayo mimi nitakalia kitanda," akasema Wacera, akanyoosha kikombe aongezwe.