Jezi Zilizokaukia Jikoni

Filbert alikwenda kwa Odilo Ijumaa jioni kumwambia neno moja tu. Akakaribishwa jikoni, akapewa kigoda karibu na moto, akala ugali na maharage mpaka sahani ikabaki nyeupe, na neno lenyewe hakulisema.

Neno lilikuwa fupi. Kaka, hutacheza tena. Filbert alikuwa kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya kata ya Ramadhani, Njombe mjini, na Odilo alikuwa ameichezea timu hiyo miaka mingi kuliko mtu mwingine yeyote aliye hai. Kuna wakati watu walifunga vibanda vyao mapema waende uwanja wa misheni kumwona jezi namba saba akiruka. Sasa alikuwa haruki. Goti la kushoto lilikuwa limevimba tangu masika, na akikimbia alikimbia kama mtu mwenye gunia la viazi mgongoni. Katika mechi iliyopita, kijana wa kidato cha pili alimpita mara nyingi mpaka watazamaji wakawa wanaanza kucheka kabla hajapitwa.

Jumatano, baada ya mazoezi, Odilo akiwa bado kazini anakopasua mbao, Filbert aliwaketisha vijana pembeni ya uwanja. Timu inajengwa upya, aliwaambia. Benno atasimama chini ya kikapu na atavaa saba. Benno alikuwa na mikono mirefu na miguu isiyochoka, na kila mtu aliona kwamba ni sawa.

"Na mzee, nani atamwambia?" aliuliza Steven, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango.

"Mimi. Ni kaka yangu, nitamwambia mwenyewe."

Hawakuwa ndugu wa damu. Lakini miaka ile Filbert alipovunjika mguu uwanjani, Odilo ndiye aliyempeleka hospitali ya Ilembula na kulala sakafuni chini ya kitanda chake, na mguu ulipokataa kupona vizuri, Odilo ndiye aliyesimama mbele ya timu na kusema, Filbert awe kocha, kichwa chake hakijavunjika. Kwa hiyo kumwambia ilikuwa kazi yake, na alikuwa amefika mpaka kwenye kigoda.

"Shemeji, unakula kama mtu aliyefiwa," alisema Oktavia, mke wa Odilo. "Ongeza mboga. Au siku hizi mnafu wangu umekuwa mchungu?"

"Mtamu, shemeji. Nimechoka tu."

"Anaiwaza Makambako," alisema Odilo. Alikuwa amenyoosha mguu kuelekea motoni, kitambaa cha maji ya moto na chumvi kikiwa juu ya goti. "Usiwaze. Goti limetulia kabisa. Kesho watanikoma." Akageuza kitambaa. "Gari inaondoka saa ngapi?"

Hapo ndipo pa kusema. Moto ulikuwa unalia, Oktavia alikuwa anamimina chai, na Odilo alikuwa anamtazama kwa uso usio na shaka, uso wa mtu anayeuliza saa tu.

"Saa nane," alisema Filbert.

"Saa nane? Mechi si saa tisa?"

"Imesogezwa. Saa kumi."

Haikuwa imesogezwa. Vijana wote walikuwa wameambiwa saa sita. Filbert aliinamia sahani. Tone la maji lilimdondokea shingoni, baridi, akalifuta kwa kiganja bila kutazama lilikotoka. Kichwani alikuwa anapanga. Odilo atafika saa nane, atakuta gari haipo, atakasirika, atarudi nyumbani. Jumapili baada ya ibada Filbert atakuja kuomba radhi, na wakati huo jambo litakuwa limeshajisema lenyewe. Alijua ni mpango wa mtu mwoga. Akanywa chai vikombe viwili juu yake.

Kesho yake waliondoka saa sita, kama walivyopatana. Filbert alizima simu kabla hawajamaliza mteremko wa kutoka mjini. Vijana waliimba njia nzima, na yeye alikaa mbele na dereva akitazama miti ya misindano inapita. Hakuna aliyemuuliza habari za Odilo. Walidhani neno limeshasemwa.

Makambako hakuna ukungu, kuna upepo. Ulikuwa unafagia vumbi kutoka upande wa reli na kulimwaga uwanjani, na watu walikuwa wamekaa wameupa mgongo. Vijana walivua masweta, wakapiga mpira mara mbili tatu kupasha mwili. Kisha Steven akaja kwa Filbert anajikuna kichwa.

"Kocha, mfuko wa jezi uko wapi?"

Filbert aligeuka kutazama gari.

Mfuko wa jezi ulikuwa unakuja na Odilo. Siku zote. Timu ilikuwa na seti moja, na Njombe, miezi ya baridi, nguo ukiianika nje Jumatatu unaianua Alhamisi bado ina maji. Oktavia alikuwa anazifua na kuzianika jikoni kwake, kwenye waya juu ya moto wa kuni za miwati, na Odilo anakuja nazo begani siku ya mechi. Hakuna aliyewahi kuuliza jezi ziko wapi, kama mtu asivyouliza viatu vyake viko wapi akiwa amevivaa. Na jana Filbert alikuwa amekaa chini ya jezi hizo. Zilikuwa zimening'inia zote juu ya kichwa chake, kijani, zinadondosha maji, moja imemdondokea shingoni, na yeye hakuinua macho kwa sababu alikuwa anaogopa kukutana na macho ya mwenye nyumba.

Jacob, kocha wa Makambako, alikuja na mikono mfukoni. Walikuwa wakijuana miaka mingi.

"Kamwene, Filbert. Nilikuwa najiuliza leo kumepungua nini. Sasa nimejua. Hamnuki moshi."

Wachezaji wake walicheka. Utani huo ulikuwa wa zamani. Timu ya Ramadhani ilinukia jiko la Oktavia kila ilikokwenda, na watu waliwauliza kama mkaa wameuacha nje.

"Jezi ziko njiani," alisema Filbert.

"Na yule babu yako yuko wapi?"

"Naye."

Refa, mwalimu mmoja mwembamba asiyependa mzaha, alisema bila jezi hakuna mechi. Atasubiri mpaka saa tisa. Ikipita, ushindi ni wa wenyeji. Filbert alisogea nyuma ya gari akawasha simu. Odilo alikuwa amempigia tangu saa saba, mara nyingi, kisha akaacha. Filbert aliishika simu ile mkononi akatafuta sentensi ya kuanzia. Unamwambiaje mtu akuletee jezi kwenye mechi uliyomkimbia? Akairudisha mfukoni. Afadhali washindwe mezani, alijiambia, kisha akawatazama vijana wamekaa wamejikunyata na fulana zao za rangi rangi, Benno katikati anatetemeka kwa hamu ya kucheza, akaona hata hilo nalo hawezi kulitetea.

Lori la mbao lilisimama barabarani ikikaribia saa tisa. Juu ya mbao alikuwa amekaa mtu mwenye koti kubwa. Aliteremka kinyumenyume, akiutegemea mguu mmoja, akavuta mfuko na kuutupia begani. Alipovuka barabara alikuwa anachechemea, lakini alijitahidi isionekane.

"Jamani, nisameheni," alisema Odilo hata kabla hajafika. "Nilifika stendi mapema, nikakuta hamna mtu. Muuza mahindi akaniambia wenzako wameshaondoka. Nikajua nimekosea saa mimi. Kichwa hiki kimeanza kuchoka kama goti." Akamgeukia Filbert na kumshika mkono kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi ya juu ya lori. "Kocha, samahani sana. Nusura niwaharibie."

Vijana walimtazama Filbert. Walikuwa wanajua waliambiwa saa ngapi, na sasa walikuwa wameanza kuelewa mzee aliambiwa nini, au hakuambiwa nini.

"Hamna shida, kaka," alisema Filbert. "Yameisha."

Alilisikia neno lake mwenyewe likitoka. Alikuwa amemsamehe Odilo. Masikio yake yakawaka moto, na upepo ule wote haukuyapoza.

Odilo alipiga magoti kwa shida, akafungua mfuko. Alizigawa jezi kama siku zote, moja moja, kila mtu yake, akiikung'uta kwanza. Harufu ya moshi ikatoka. "Steven, nne. Uache kuifutia kamasi, Oktavia amelalamika." Steven aliipokea akitazama chini. Mwishoni ikabaki saba. Odilo aliiweka juu ya paja na kuanza kuvua koti.

Benno alikuwa amesimama mbele yake kwa fulana, mkono umenyooshwa kidogo. Hakuwa mtovu wa adabu. Alikuwa ameambiwa.

"Wewe hujapata? Zimetimia, mbona."

"Kocha alisema leo saba naivaa mimi, Baba Jane," alisema Benno kwa sauti ndogo. "Nilidhani unajua."

"Alisema lini?"

"Jumatano."

Odilo alibaki na koti limetoka bega moja. Hakumtazama Filbert mara moja. Alitazama gari, akatazama barabara alikotoka, midomo ikicheza kidogo, kama mtu anayepiga hesabu ya saa sita na saa nane na kupata jibu. Kisha akalirudisha koti begani. Akaikunjua jezi akampa Benno.

"Begani pameshonwa," alimwambia. "Usiivute kwa kichwa, itachanika."

Akasimama, akamsogelea Filbert mpaka wakawa karibu kama watu wanaonong'onezana kanisani.

"Jana ulikula kwangu," alisema.

Alikwenda akakaa upande wa pili, katikati ya watu wa Makambako, akavuta kola ya koti juu.

Mechi ilichezwa. Benno alicheza kama Filbert alivyotabiri, na zaidi. Alidaka mipira juu ya vichwa vya watu wazima, akapiga pasi ambazo mwaka mzima hazikupigwa, na timu ikakimbia kwa sababu hakukuwa tena na mtu wa kusubiriwa. Kufikia robo ya tatu Jacob alikuwa ameacha utani. Filbert alikuwa amechagua sawa. Kila kikapu kilichoingia kilimthibitishia hivyo, na kila kilipoingia alitazama ng'ambo, akaona Odilo anapiga makofi. Alipiga vizuri, kwa nguvu, kama mtazamaji aliyelipa kiingilio. Mara moja Benno aliposimama vibaya, Odilo aliinuka akamwonyesha kwa mkono, rudi nyuma, kisha akakumbuka, akakaa.

Filbert angependa atukanwe. Angependa Odilo aondoke katikati ya mechi watu wamwone. Hakupewa hata hilo.

Walishinda. Vijana walirukaruka kidogo, wakaacha wenyewe. Odilo alivuka uwanja, akampa Jacob mkono, akaanza kukusanya jezi kama ilivyokuwa kazi yake siku zote, akizikunja zikiwa na jasho. Ya Benno aliipokea na kuikagua begani. Haikuwa imechanika. Akafunga mfuko, akauweka miguuni kwa Filbert.

"Huu sasa utaubeba wewe."

"Kaka, panda gari twende. Tutazungumza njiani."

"Gari imejaa."

Haikuwa imejaa. Kiti cha nyuma, alichozoea kunyooshea mguu, kilikuwa wazi, na vijana waliokwisha kupanda walikuwa wameng'ang'ania kukiacha hivyo.

"Odilo. Nilitaka kukuambia. Nilishindwa."

"Najua ulishindwa. Nilikuwepo." Alitazama goti lake. "Hivi ulidhani silijui hili goti? Mimi ndiye ninayelala nalo. Nilikuwa nangoja uniambie, nibishe kidogo, yaishe. Wewe umenipandisha juu ya mbao nije kukuomba msamaha mbele ya watoto."

Akaenda barabarani, akainua mkono kwa lori lililokuwa linarudi Njombe.

Jumapili Filbert hakwenda kwa Odilo. Jumatatu alizifua jezi mwenyewe kwenye karai, akazianika uani kwake. Ukungu ukashuka ukazikalia. Jumanne zilikuwa na maji. Jumatano zilikuwa na maji na zimeanza kunuka uvundo. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili vya kupanga na jiko la gesi la plati moja. Hapo angeweza kukausha soksi, si jezi za timu nzima.

Alhamisi jioni alizitia kwenye mfuko, zikiwa nzito kama udongo, akapanda kilima. Maji yalikuwa yanachuruzika mgongoni kwake. Njiani alipanga maneno, na safari hii aliyapanga mafupi. Mlangoni pa jiko moshi ulikuwa unatoka taratibu. Akabisha hodi. Ndani alisikia kikohozi anachokijua, na kiti kikisogezwa.

Alitoka Oktavia. Alimtazama, akautazama mfuko, akatazama tope chini ya mfuko.

"Shemeji," alisema Filbert, "nimekuja kumwambia Odilo nilimdanganya saa. Kwa makusudi."

"Amekusikia," alisema Oktavia. "Ukuta wetu ni mwembamba."

Alinyoosha mkono akauchukua mfuko, akauinua kwa shida, akaunusa, akakunja uso.

"Hizi zinafuliwa upya. Njoo Jumamosi uzichukue." Akageuka kuingia, kisha akasimama kizingitini. "Neno 'karibu' sitakuambia, Filbert. Leo hapana."

Mlango ukafungwa. Filbert alibaki uani, mgongo umelowa, akisikia waya ule wa juu ya moto ukivutwa kukazwa.