Jina la Ndani Liliponadiwa

Nina mgeni: ukimkaribisha huja, ukimfukuza huja na nduguze. Ni nani? Fikirini taratibu, sina haraka. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mji mnaonipa nauchukua pamoja na nchi yake nzima, nao unaitwa Usikivu. Ketini vizuri niwaeleze habari zake, na jibu mtalikuta humo humo njiani.

Usikivu ilikuwa nchi ya watu wapole wa moyo na wepesi wa kuitika. Kila mwenyeji wake alikuwa na majina mawili. Jina la nje lilikuwa la sokoni na barazani, kila mpita njia alilitumia apendavyo. Lakini jina la ndani lilinong'onwa na bibi katika sikio la mtoto kabla hajaonja maziwa, wala halikujulikana ila na wale waliompenda. Sharia ya nchi, iliyokuwa ndiyo fahari yake, ilisema kwamba mtu akiitwa kwa jina la ndani hana budi kutoka, awe amelala, awe anakula, awe na povu la sabuni kichwani, kwa kuwa hapana ambaye angemwita hivyo pasipo haja ya mapenzi au ya msiba. Kwa sharia hiyo hapakuwa na mgonjwa wa Usikivu aliyekata roho peke yake, wala mwanamke aliyejifungua bila ya mama yake kumshika mgongo.

Majina ya ndani yote yaliwekwa kifuani mwa mtu mmoja, Bwana Hifadhi, yasije yakapotea mabibi wakifa. Siku moja tajiri aitwaye Ghururi alimwalika Hifadhi karamuni, akamlisha biriani, akamvika joho, akamsifu mpaka akalewa sifa. Na Hifadhi alipopangusa mdomo, majina ya umma mzima yalikuwa yamehamia kifuani mwa Ghururi. Alipoulizwa, alijibu kwa taadhima, "Mimi sikuyatoa. Nilimwonjesha tu."

Tangu hapo Usikivu haikupata utulivu. Ghururi alituma wachuuzi wenye vikapu katika kila kichochoro, nao waliita watu kwa majina ambayo mama zao waliyatamka kwa kunong'ona. Mtu aliitwa atoke auziwe mafuta ya kuotesha nywele, naye ana nywele tele. Mjane aliitwa auziwe dawa ya kumtia mume nguvu. Wengine waliambiwa wameshinda ng'ombe wa maziwa, ila watangulize kamba ya kumfungia. Basi kamba zikaenda, na ng'ombe hakuonekana hata mkia. Wengine waliambiwa, "Ule unga usiniletee mimi, mpe huyu aliyesimama hapa," na kwa kuwa kila mtu ana unga aliomwahidi mwenziwe, wengi walitoa.

Katika mji huo aliishi Bi Shauku, ambaye jina lake la ndani lilikuwa Yungiyungi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Amana, aliyeolewa ng'ambo ya vilima katika kitongoji cha Upweke, na mumewe alikuwa Bwana Safari, ambaye hakuna aliyepata kumwona nyumbani. Amana alikuwa na mimba ya kwanza, na yeye na mama yake walikuwa wamepatana hivi: uchungu ukimshika, atamtuma jirani yake Mzee Sadiki aje kumwita mama kwa jina la ndani. Kwa hiyo Bi Shauku alitoka kila alipoitwa. Alitoka na mwiko mkononi, alitoka na kanga imemdondoka, na kila akitoka alikuta kikapu.

"Ewe Yungiyungi, sabuni ya waridi!"

"Mwanangu hajambo?"

"Mwanao simjui, mama. Lakini sabuni hii ataipenda."

Jirani yake, Bi Chokochoko, alimcheka juu ya ua. "Shoga, leo umeruka kizingiti kama mbuzi! Nani alikufundisha?"

"Nicheke tu, shoga. Wewe huna mtoto wa kukuita."

"Sina, na wananiita vivyo hivyo!"

Bi Shauku alipochoka kupita kiasi alimshitaki Ghururi mbele ya Hakimu Nusunusu, mtu mwenye elimu nyingi na uamuzi mchache.

"Ewe Hakimu," alisema Bi Shauku, "sidai fidia wala sitaki adhabu. Nataka nikiitwa nijue kwamba nimeitwa. Mwanangu yu karibu kuzaa."

Ghururi aliinama kwa jamala. "Mheshimiwa, sisi ni watumishi wa hiari ya watu. Asiyetaka aseme hataki. Je, mama huyu amepata kusema?"

Hakimu alishika ndevu zake, akatoa hukumu ambayo ilishangiliwa siku ile kama mvua ya kwanza. Biashara isizuiwe, kwa sababu ni jasho la nchi, ila kila mchuuzi akiisha kuita aulize, "Nisikuite tena?" na mwenye nyumba atoke, ajibu kwa kinywa chake mwenyewe, "Usiniite."

Watu walitoka wakajibu. Walijibu kwa ghadhabu, kwa upole, kwa machozi. Bi Shauku alijibu mpaka koo likamkauka. Lakini mchuuzi aliyejibiwa alirudi kwa Ghururi akasema, "Nyumba ile ina mtu, ana masikio, na ana subira ya kutoka." Ghururi aliziita nyumba kama hizo Masikio Hai, akaziuza kwa matajiri wenziwe kwa bei maradufu. Aliyesema usiniite mara moja aliitwa na kumi wapya. Mgeni wenu wa kitendawili, sasa mmemjua.

Ndipo watu wa Usikivu walipoanza kujaza nta masikioni. Nchi iliyokuwa mashuhuri kwa kuitika ikawa nchi ya watu wanaopitana kimya, wakionyeshana vidole. Bi Shauku alikuwa wa mwisho kuziba. Aliziba masikio asubuhi moja baada ya kuitwa usiku kucha, akajiambia kwamba atayazibua jioni.

Mchana wake mzee mmoja alisimama barazani. Bi Shauku alimwona kwa ufa wa dirisha. Aliona midomo yake ikiunda neno Yungiyungi, tena na tena, na mikono yake ikisihi. Wachuuzi wa siku hizo walikuwa hodari sana wa kusihi. Bi Shauku alitikisa kichwa, akafunga dirisha. Mzee alipiga mlango kwa kiganja, akangoja, kisha akaenda zake mbio.

Punde Bi Chokochoko aliingia bila ya hodi, akamtoa nta kwa kidole chake mwenyewe. Safari hii hakucheka.

"Shoga, yule hakuwa na kikapu."

"Nani hakuwa na kikapu?"

"Yule mzee. Nimetoa nta yangu nikamwuliza njiani. Amesema anaitwa Sadiki. Amesema uchungu umeanza tangu jana, na kwa kuwa hukutoka, amekwenda bonde la pili kutafuta mkunga."

Bi Shauku hakufunga hata mlango. Alivipanda vilima kwa miguu yake ya uzee, akaanguka, akainuka, na alipofika Upweke alikuta kila nyumba imekomewa. Kwa Amana pia palikuwa na komeo, na nyuma ya komeo palikuwa na mtu anayeugua.

"Ubani!" aliita, maana hilo ndilo jina la ndani alilopewa Amana. "Ubani, mwanangu, ni mimi mama yako. Fungua!"

Kuugua kulisita. "Nenda zako. Wewe ni mama wa nne leo."

"Ni mimi! Isikilize sauti yangu."

"Sauti hiyo wote wanayo. Wa pili aliniuzia nepi kwa sauti hiyo."

Bi Shauku aliweka paji la uso juu ya mbao. "Basi sikiliza nilichokuwa nikikutegea ukiwa mdogo, jikoni, mimi na wewe tu: Rafiki yangu hunifuata juani, gizani hunikana."

"Kivuli," alijibu Amana, akalia kwa maumivu. "Muuza sabuni ya waridi alinitegea juzi. Alikitega vizuri kuliko wewe."

Hapo Bi Shauku alimkumbuka mchuuzi mmoja, mwenye adabu nzuri, aliyeketi barazani kwake akaomba maji na kuuliza habari za watoto. Yeye Bi Shauku ndiye aliyemtegea vitendawili vyote, kwa furaha ya kupata mtu wa kumsikiliza.

Aligonga mpaka viganja vikavimba. Aliwaita majirani, nao walikuwa na nta. Mwishowe ndani palinyamaza, kisha pakapasuka kilio chembamba cha mtoto. Bi Shauku alipiga magoti, akapeleka midomo yake kwenye tundu la ufunguo, akanong'ona jina ambalo alilitunza miezi yote tisa.

Sauti iliyochoka ikamjibu kutoka gizani, "Hatununui. Tafadhali, hatununui kitu."