Sindano za Wanaosafiri

Sindano yenyewe haikumuuma Edah kama maneno yaliyokuja nayo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma katika zahanati ya kiwanda cha sukari, mkono wa gauni umekunjwa hadi begani, huku Daktari Elkanah akipekua chupa za dawa ndani ya friji. Elkanah hakuwa daktari hasa. Alikuwa mganga msaidizi, lakini kiwanda kizima kilimwita daktari, naye alishazoea kuitika. Edah alifanya kazi ya kupima maji ya miwa katika maabara, na alikuwa amechaguliwa kwenda India kusomea kazi hiyo zaidi. Hakuna mwanamke wa pale aliyewahi kupelekwa ng'ambo kabla yake. Wiki ile ile alikuwa ameshuka Kakamega kupigwa picha ya pasipoti, na kwa furaha akajinunulia viatu ambavyo hakuwa amepanga kununua.

Elkanah alimweleza kwamba hiyo ilikuwa sindano ya homa ya matumbo, ile wanayoiita taifodi. Mkono ungevimba, pengine angeshikwa na homa, na mwezi ujao angerudi kudungwa ya pili. Kisha, ili tu kimya kisizidi, akaongeza, "Huko mnakoenda, maji yao si ya kuaminika."

Edah alimtazama. Mdogo wake Bramwel alikuwa amezikwa kwao Malinya mwezi wa tatu, na kilichomuua ni homa hiyo hiyo.

Bramwel alikuwa kijana wa kuchimba dhahabu. Mama yao, Phoebe, hakuwa na raha hata siku moja akimfikiria ndani ya yale mashimo, udongo ukining'inia juu ya kichwa chake. Kwa hiyo sukari ilipochangamka, watu wakang'oa mahindi ili wapande miwa na matrekta yakaanza kunguruma usiku na mchana, Bramwel alipotangaza kwamba anakwenda kukata miwa, mama yake alimshukuru Mungu kanisani mbele ya watu wote. Mtoto alikuwa ametoka shimoni.

Alikwenda kulala katika kambi ya wakataji, nyuma ya kiwanda. Vilikuwa vibanda vya mabati vilivyobanana, vyoo vikiwa juu mlimani na kijito chini yake, na kijito hicho ndicho walichochota maji ya kunywa. Bramwel alipoanza kuumwa, nyapara alimpa vidonge vya malaria akamwambia apumzike. Edah alipopata habari, mdogo wake alikuwa tayari anaongea na watu wasiokuwepo. Walimfikisha hospitali utumbo ukiwa umeshatoboka. Na hakuwa wa kwanza. Kabla yake kambi ilikuwa imewazika wawili kwa ugonjwa ule ule, na hakuna aliyeshtuka.

"Hii dawa mnayo tangu lini?" Edah aliuliza.

"Haikosekani. Ni ya wafanyakazi wanaosafiri."

"Mwezi wa pili ilikuwepo?"

Elkanah alijifanya anafuta meza. Mwishowe akasema, "Ilikuwepo, dada."

Edah alirudi chumbani kwake, akalala siku mbili akitetemeka, mkono umevimba, asiweze kujigeuza. Alijua vizuri kwamba sindano ile ni ya kukinga wala si ya kutibu. Lakini aliwafikiria wale wawili waliotangulia, akaifikiria ile friji iliyokuwa mwendo mfupi tu kutoka kambini, na hasira ikamkaa kifuani hata homa ilipomtoka.

Alipopata nguvu alikwenda kwa Bwana Andati, afisa wa wafanyakazi, yule yule aliyekuwa amelipendekeza jina lake kwa safari. Andati alimkaribisha kwa ukarimu akamwagizia chai. Edah hakuigusa. Alimwambia anataka wakataji wadungwe kama alivyodungwa yeye, na wapewe maji safi. Andati alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba wakataji hawakuwa watu wa kiwanda bali wa kontrakta aliyewaandika, na kiwanda hakiwezi kutibu watu wa mwingine.

"Hata ndugu yako," alisema, "na ninakupa pole sana, hakuwa mfanyakazi wetu."

"Miwa aliyokuwa akikata ilikuwa ya nani?"

Andati alikoroga chai yake ambayo sukari ilikuwa imeshayeyuka. "Edah, nimehangaika kukupatia nafasi hii. Usiiharibu kwa hasira."

Jumapili alikwenda Malinya kumweleza mama yake, akitumaini kwamba huko angalau atapata wa kukasirika naye. Mama Phoebe alisonga obusuma, ugali wa kwao, akamwandalia na mboga, akasubiri ale kwanza. Kisha akamwambia akadungwe hiyo sindano ya pili, apande ndege, arudi akiwa mtu mkubwa, kwa kuwa Bramwel hatafufuka. Edah aliinua sauti. Alimwambia mama yake mambo ambayo mtoto hamwambii mzazi, kwamba amemsahau mwanawe upesi. Mama aliondoa sahani akaenda kuziosha nje, na Edah akaondoka bila kuaga, akiwa amemkasirikia mama, Andati na yeye mwenyewe.

Siku ya sindano ya pili ilikuwa Jumamosi. Mchana, wakataji walipotoka shambani wakiwa weusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa, walimkuta Edah amesimama mlangoni pa kambi. Alizungumza na Wanyonyi, aliyekuwa akikata safu moja na Bramwel na ndiye aliyembeba mgongoni siku ya kwenda hospitali. Wanyonyi alimsikiliza, akauliza jambo moja tu.

"Inauma?"

"Inauma. Na mtashikwa na homa."

Wanyonyi aligeuka akawaambia wenzake waache kunawa, waende hivyo hivyo.

Elkanah alipofungua mlango wa zahanati aliona foleni imefika hadi kwenye uzio. Edah alikuwa mbele. Alimwambia aanze na hao, yeye atakuwa wa mwisho. Elkanah alimvuta pembeni na kumwambia kwa kunong'ona kwamba atafukuzwa kazi, kwamba ana watoto.

"Hata mama yangu alikuwa na watoto," Edah alisema, tena kwa sauti iliyosikika nje. "Ukifunga huu mlango, uwafungie ukiwatazama machoni."

Elkanah alishika kitasa. Aliwatazama. Kisha akaingia ndani, akawasha jiko la kuchemshia sindano, akaanza kuwadunga mmoja mmoja. Dawa ilikwisha kabla ya foleni. Dozi moja alikuwa ameificha kwa ajili ya Edah, na Edah alipoigundua alimshika mkono mwanamke aliyekuwa akiwapikia wakataji, akamkalisha kwenye kile kiti.

Jumatatu nusu ya kambi haikuweza kuinua panga. Mashamba yalikuwa yameshachomwa, na miwa iliyochomwa haingoji; ilianza kuchacha pale pale ilipokuwa. Kufikia Jumanne vinu vilisimama. Kontrakta alikuja kambini akifoka, na baadhi ya wakataji, mikono ikiwauma na kazi ikiwa imewapita, walimwambia Edah wazi kwamba amewaponza. Alisimama akasikiliza matusi yote.

Safari alipewa Makhanu wa ghala, ambaye hakuwahi kushika chupa ya maabara maishani mwake. Elkanah alibaki kazini, lakini tangu siku hiyo aliacha kumsalimia Edah. Wakubwa, waliokuwa wamevumilia makaburi bila kuuliza, hawakuweza kuvumilia vinu vilivyonyamaza. Walituma wahandisi, na bomba la maji safi likavutwa kutoka kiwandani hadi kambini. Dawa nyingine ikaletwa, kwa kuwa sindano moja haitoshi, na safari hii watu walidungwa kwa zamu.

Mama Phoebe alipopata habari alipanda kuja kumtazama binti yake. Alimletea kuku. Hawakuyarudia yale maneno ya Malinya. Mama alimwuliza tu kama mkono bado unauma, akausugua kwa mafuta, ingawa ulikuwa umepona zamani.

Siku ya kufungua bomba, Andati alikuja maabara amevaa suti. Afisa wa wilaya alikuwa amefika kutoka Kakamega na wapiga picha walikuwa tayari. Alimwomba Edah aje asimame nao mbele, kwa kuwa, alisema, jambo hili lilianza na yeye.

"Lilianza na Bramwel," Edah alisema. "Nina maji ya miwa mezani, yataharibika."

Andati akatoka. Edah akausukuma mlango nyuma yake kwa nguvu hadi chupa zote za rafuni zikagongana.