Kisanduku Kisicholia

Nilisimama mbele ya ubao nimejiandaa kama mtu anayekwenda kuposa. Timu yetu ndogo ilikuwa inatunga lugha ya kueleza saketi, na asubuhi hiyo tulibishania kitu kipya tulichokiita fungu: kipande cha saketi chenye majina yake chenyewe. Jina likitangazwa ndani ya fungu, na nje lipo lingine kama hilo, la ndani lifunike la nje kimyakimya, au kompaila, programu inayokagua na kutafsiri maandishi yetu, ikatae?

"Lifunike," nilisema. "Tumwamini mwandishi. Kila mtu ana haki ya kupanga vitu nyumbani kwake."

"Gombea ubunge, kura yangu unayo," alisema fundi wa majaribio.

Kiongozi wetu, tuliyemwita Koleo kwa kuwa akishika jambo haachii, hakucheka. "Mdogo wangu, desturi yetu unaijua. Ukitetea kanuni, unaonja kwanza ya mpinzani kwenye kazi yako mwenyewe. Lete faili tulipitishe kwenye kompaila kali, ile inayokataa."

Nilileta kwa fahari mradi wangu wa chuo, ambao nilikuwa nimeuhamishia kwenye lugha yetu mstari kwa mstari. Ni kisanduku kinachopima oksijeni ya damu kwenye kidole, na hulia ikishuka chini ya tisini. Kilikuwa nyumbani, kando ya kitanda cha bibi yangu mwenye mapafu dhaifu, mwezi wa nne sasa. Mama huwaambia wageni, "Tangu mwanangu akiweke, hakijalia hata mara moja."

Kompaila ikatoa mstari mmoja mwekundu.

"Jina la kikomo limetangazwa tena ndani ya fungu la kengele," fundi alisoma. "Na hakikupewa thamani. Kinaanza na sifuri."

Tisini yangu ilikuwa nje, imefunikwa.

"Kwa hiyo kengele inasubiri oksijeni ishuke chini ya sifuri," Koleo alisema polepole. "Uliijaribuje?"

"Kwa kitufe cha majaribio." Kitufe kiliiliza kengele moja kwa moja, bila kupitia kipimo. Walimu walinipigia makofi.

Hakijalia hata mara moja. Nilipiga simu palepale.

"Mama, nisomee namba ya kisanduku cha bibi."

"Salamu je, umezila?" alicheka. "Bibi kalala, kisanduku kimya. Wasiwasi wa nini?"

"Namba, mama!"

Nilisikia ndara zake zikiburuzika sakafuni. "Themanini na tatu. Ni nzuri?"

"Fungua mtungi wa oksijeni kama nesi alivyokuonyesha. Sasa hivi! Halafu mwite aje."

Fundi aliyenitania alikuwa amenishika bega. Mama alihesabu kwa sauti inayotetemeka: themanini na tano, themanini na nane, themanini na nane tena, kisha tisini na mbili. Nyuma yake sauti ya bibi ikakwaruza: "Nani anapiga kelele humu?"

Nililia mbele ya watu wote, sikujali.

Koleo alinipa kalamu. Nilifuta hoja yangu ubaoni kwa kiganja, nikaandika: *Kompaila ikatae.*

Mama alikuwa bado kwenye simu. "Lakini mwanangu, mbona hakikulia?"

"Ni mimi, mama," nilisema. "Ni mimi."